Filamu ya Glenn Miller: Kilichotokea, Kilichotungwa, na Kile Ambacho Masikio Yanapaswa Kukisaka

Filamu ya maisha ya Bob Marley ilipoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2024, maswali yaliyofuata vijiweni na mitandaoni yalikuwa yale yale yanayofuata kila filamu ya maisha ya mwanamuziki. Je, jambo hili lilitokea hivyo kweli? Mbona fulani hakuonyeshwa? Wimbo ule ulitungwa usiku ule? Wapo wanaoichukua filamu ya aina hii kama kitabu cha historia chenye picha, na wapo ambao wakigundua tukio moja tu la kutungwa huitupa filamu nzima kwa madai kwamba ni uongo mtupu. Pande zote mbili hujinyima raha, na ninaamini chanzo chake ni kwamba hatujaelezana vya kutosha jinsi filamu hizi zinavyotengenezwa, wala namna ya kuzitazama kwa jicho lililo macho na sikio lililo wazi.

Nitaeleza kwa kutumia mfano mmoja wa zamani, ambao mambo yake yamekwishachunguzwa kwa miaka mingi. Ni filamu iitwayo The Glenn Miller Story, iliyotoka Marekani mwaka 1954 chini ya uongozaji wa Anthony Mann, James Stewart akiwa Glenn Miller na June Allyson akiwa Helen, mke wake. Nimeitazama mara nyingi, ninajua sasa mahali inapopotoka, na bado naipenda kwa moyo wote.

Kwanza tuyaweke maneno sawa, kwa sababu nusu ya mkanganyiko huanzia hapo. Tunaposema filamu ya muziki, wengi wetu tunafikiria filamu za Kihindi, ambamo kijana anazungumza na mchumba wake bustanini, ghafla muziki unatoka kusikojulikana na wote wawili wanaanza kuimba. Filamu ya Miller si ya aina hiyo. Humu hakuna anayeimba badala ya kuzungumza. Muziki unasikika mahali ambapo muziki ungesikika katika maisha ya kawaida, yaani jukwaani, kwenye mazoezi, kwenye gwaride na kwenye redio. Hilo linabadilisha namna ya kuitazama, kwa kuwa kila wimbo ni kazi inayofanywa na watu waliolipwa kuifanya, na hadithi yenyewe ni hadithi ya kazi hiyo.

Neno la pili ni jazi. Kwetu Afrika Mashariki neno hili limepita njia yake lenyewe. Tuna Dar es Salaam Jazz Band, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na ng’ambo ya Ziwa Tanganyika kulikuwa na OK Jazz ya Franco. Lakini muziki uliopigwa na bendi hizo ulikuwa dansi na rumba, wenye magitaa mbele. Neno Jazz katika majina yao lilikuwa alama ya bendi ya kisasa yenye vyombo vya kisasa. Kwa hiyo msikilizaji wetu anayeambiwa kwamba Miller alikuwa mtu wa jazi anaweza kusubiri gitaa la solo ambalo halitakuja. Jazi ya Miller ni ya namna iliyoitwa swingi, muziki wa kuchezwa na watu wawili wawili kwenye kumbi kubwa za Marekani katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, ukipigwa na bendi kubwa ya watu 15 au zaidi: safu ya tarumbeta, safu ya tromboni, safu ya saksafoni, na nyuma yao piano, gitaa, besi na ngoma.

Neno la tatu ndilo muhimu kuliko yote, nalo ni mpangaji wa muziki. Mtunzi huleta wimbo. Mpangaji huamua wimbo huo utapigwaje: nani aanze, nani ajibu, tarumbeta ziingie wapi, zinyamaze wapi, sauti ipande lini. Fikiria kitambaa na fundi cherehani. Kitambaa kinaweza kuwa kimefumwa Mumbai na kuuzwa Kariakoo, lakini gauni tunalolisifu harusini ni kazi ya fundi aliyekata na kushona. Glenn Miller alitunga nyimbo chache. Alikuwa mpiga tromboni mzuri, ingawa si wa kuwashinda wenzake wakubwa, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Kipaji chake kilikuwa katika upangaji na katika kuiongoza bendi ipige kama mtu mmoja. Asiyelielewa hili ataitazama filamu nzima akidhani anasimuliwa habari za mtunzi aliyekuwa akishushiwa nyimbo kutoka mbinguni, na kwa bahati mbaya kuna sehemu ambapo filamu yenyewe inamsaidia kudhani hivyo.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kufuata. Alton Glenn Miller alizaliwa tarehe 1 Machi 1904 katika mji mdogo wa Clarinda, jimbo la Iowa, akakulia katika majimbo ya katikati na magharibi ya Marekani, na akasoma kwa muda katika Chuo Kikuu cha Colorado, ambako alikutana na Helen Burger. Walioana mwaka 1928. Alipiga katika bendi za watu wengine, ya kwanza kubwa ikiwa ya Ben Pollack, ambaye ndani ya filamu anajiigiza mwenyewe. Mwaka 1937 alianzisha bendi yake, ikashindwa, akaivunja mwanzoni mwa mwaka 1938. Akaanza upya mwaka huo huo, na kufikia mwishoni mwa 1939 hakuna bendi nyingine Marekani iliyokuwa inatafutwa kama yake.

Filamu inaanzia kwenye duka la rehani huko Los Angeles, na hapo ndipo iliponinasa. Miller hana fedha, tromboni yake imewekwa rehani, na mwenye duka anamjua kama tunavyomjua jirani anayekuja kukopa unga kila tarehe 20. Tromboni inatoka, inarudi, inatoka tena. Mann hakuhitaji hotuba yoyote kueleza umaskini wa mwanamuziki kijana. Alichukua chombo kimoja tu na kukipitisha mlangoni mara kwa mara, nasi tunapima maisha ya mtu huyu kwa kuangalia tromboni iko upande gani wa kaunta.

Tukiwa kwenye tromboni hiyo hiyo, swali moja huulizwa na kila anayeiona filamu: James Stewart alikuwa anapiga kweli? Hapana. Alijifunza namna ya kukishika chombo na kuuvuta mrija wake, lakini sauti tunayoisikia ni ya wapigaji wa kazi, hasa Joe Yukl. Tromboni haina vitufe kama tarumbeta. Ina mrija unaovutwa mbele na nyuma, na una vituo saba, kila kituo na sauti zake. Ndiyo maana kumwigiza mpiga tromboni ni kazi ngumu kuliko kumwigiza mpiga piano aliyefichwa nyuma ya mbao za piano yake: mkono uko hadharani, na kila mwenye kuijua tromboni ataona kama umefika pale unapopaswa kufika. Stewart anajitahidi kwa heshima kubwa. Muziki wote, kwa kweli, ulirekodiwa upya kwa ajili ya filamu, na mmoja wa walioushughulikia alikuwa kijana Henry Mancini, ambaye baada ya vita ya pili ya dunia alikuwa amepiga piano na kupanga muziki katika bendi iliyobeba jina la Miller. Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya urekodi wa sauti, na ukiisikiliza kwa spika nzuri utaelewa sababu.

Sasa tufike kwenye kiini, yaani ile sauti ambayo Miller anaitafuta tangu mwanzo wa filamu. Anapoulizwa anataka nini, hawezi kueleza. Anasema tu kwamba kuna sauti anayoisikia kichwani na bado hajaisikia masikioni. Kisha, siku chache kabla ya onyesho kubwa, mpiga tarumbeta wake wa kuongoza anapasuka mdomo, na mtu mwenye mdomo uliopasuka hawezi kupuliza tarumbeta. Bendi imekwama. Miller anakaa usiku kucha akiandika upya karatasi zote za muziki, akimpa mpiga klarineti, chombo chembamba cha mbao cha kupuliza, nafasi iliyokuwa ya tarumbeta. Asubuhi wanajaribu, na sauti inapatikana.

Ni tukio zuri la sinema, na limepunguza ukweli hadi ukaenea ndani ya kikombe kimoja. Katika maisha halisi Miller aliifikia sauti hiyo kwa hatua, kwa kujaribu na kukosea, na sehemu ya wazo ilimjia katikati ya miaka ya 1930 alipokuwa mpangaji katika bendi ya Ray Noble, ambako mpigaji wa tarumbeta mwenye uwezo wa kufika juu sana alikuwa akipiga pamoja na safu ya saksafoni. Alipokuja kumpata Wilbur Schwartz, mpiga klarineti mwenye sauti nene na thabiti, karatasi na mtu wa kuipiga vikakutana. Lakini angalia filamu ilivyolihifadhi jambo lenyewe hata ilipobadilisha namna lilivyotokea: sauti ya Miller ni matokeo ya kuweka klarineti mahali ambapo watu walitegemea chombo kingine. Hilo ni kweli.

Sauti hiyo inafanyaje kazi? Chukua familia inayoimba nyumbani. Mama anaimba wimbo kwa sauti ya juu. Baba anaimba wimbo ule ule, maneno yale yale, mpando na mshuko ule ule, ila kwa sauti yake nzito iliyo chini. Masikio yanawasikia kama mtu mmoja mwenye kifua kipana. Kisha watoto watatu wanaingia katikati yao, kila mmoja akishika sauti yake, wakijaza nafasi iliyoachwa kati ya mama na baba bila kuvuka juu ya mmoja wala kushuka chini ya mwingine. Mama ni klarineti, baba ni saksafoni ya tenor, na watoto ni saksafoni tatu zilizobaki. Hapo ndipo unapotoka ule ulaini wa Moonlight Serenade, wimbo ambao kwa hakika ni utunzi wa Miller mwenyewe, aliouanza mwaka 1935 kama zoezi alipokuwa akisoma nadharia ya muziki kwa Joseph Schillinger, na akaurekodi tarehe 4 Aprili 1939. Mtu anayejua kusikiliza kwaya vizuri ataitambua sauti hii mara moja, kwa kuwa kanuni ni ile ile ya sauti zinazoambatana. Tofauti ni kwamba Miller aliitia ndani ya muziki wa dansi, ambamo wengine wengi walikuwa wakishindana kwa nguvu za shaba, yaani tarumbeta na tromboni.

In the Mood, wimbo mwingine uliompa Miller jina, unafanya kazi kwa njia nyingine kabisa, na naomba nikae hapa kidogo kwa sababu ndiyo sehemu ninayoirudia zaidi ninapoitazama filamu hii. Saksafoni zinapiga kipande kifupi, kinazunguka, kinarudi, kinazunguka tena, kama gitaa la sebene linavyorudia kishikizo chake hadi miguu ikubali. Kuelekea mwisho bendi inaanza kushusha sauti. Kipande ni kile kile, ila kila kinaporudi kimepungua, kimepungua tena, hadi unabaki mnong’ono, na wachezaji ukumbini wanajiuliza kama wimbo umekwisha. Kisha ngoma na shaba zinapasuka kwa pamoja na wimbo unarudi na nguvu zake zote. Hakuna maneno, hakuna mwimbaji. Ni watu wazima zaidi ya kumi wakishusha pumzi zao kwa kipimo kimoja, na ugumu wa kufanya hivyo unajulikana na yeyote aliyewahi kuwaambia watu kumi waongee polepole kwa pamoja.

Hapa ndipo panapohitaji kusahihishwa. In the Mood haikutungwa na Miller. Iliandikwa kwa jina la Joe Garland, mwanamuziki Mweusi, na kipande kile kinachozunguka kilikuwa kimekwisha kusikika mwaka 1930 kwenye rekodi ya mpiga tarumbeta Wingy Manone. Tuxedo Junction, nyingine ya zile zilizompa Miller jina, ilitoka kwa Erskine Hawkins, kiongozi wa bendi Mweusi kutoka Birmingham, Alabama, ambako kweli kulikuwa na makutano ya reli yenye jina hilo. A String of Pearls, ambayo filamu inaifungamanisha na mkufu wa lulu ambao Glenn anampa Helen, ni utunzi wa Jerry Gray, mpangaji aliyeajiriwa na Miller. Pennsylvania 6-5000, namba ya simu ambayo filamu inaitumia kama kumbukumbu ya wapendanao, ilikuwa namba ya Hotel Pennsylvania jijini New York, ambako bendi ilikuwa ikipiga.

Je, huu ni wizi? Swali hili nimelisikia likiulizwa kwa hasira, na linastahili jibu la makini. Katika muziki wa bendi kubwa, kuchukua wimbo wa mwingine na kuupanga upya lilikuwa jambo la kila siku, na kwa kawaida jina la mtunzi aliyesajiliwa liliandikwa. Kwa maana hiyo Miller hakumwibia mtu. Lakini kuna jambo pana zaidi ambalo filamu inalipita haraka mno. Swingi ilijengwa kwanza na Wamarekani Weusi: Fletcher Henderson, Duke Ellington, Count Basie, Jimmie Lunceford. Kumbi zilizolipa vizuri zaidi, hoteli kubwa na vipindi vya redio vyenye wadhamini matajiri vilizifungukia bendi za Wazungu kwa urahisi ambao Weusi hawakuupata, kwa sababu Marekani ya wakati huo iliwatenga watu kwa rangi. Ndani ya filamu, deni hilo linakumbukwa hasa katika tukio moja: Glenn na Helen wanaingia kwenye klabu moja ya Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, na aliye jukwaani ni mpiga tarumbeta Mweusi Louis Armstrong mwenyewe, akipiga Basin Street Blues, mpiga ngoma Gene Krupa akiungana naye, huku taa zikibadilika kutoka nyekundu hadi kijani hadi buluu juu ya nyuso zao. Ni dakika chache tu, na kwa maoni yangu ndizo dakika zenye uhai kuliko zote katika filamu. Anayezitazama kwa makini ataisikia pia tofauti niliyoizungumzia: Armstrong anaunda muziki papo kwa papo, kama malenga anayejibizana jukwaani, ilhali bendi ya Miller inasoma kilichoandikwa, kila nukta mahali pake. Wakosoaji wengi wa jazi wamemlaumu Miller kwa hilo hadi leo. Mimi naona ni ufundi wa aina mbili, na si haki kumhukumu fundi wa mmoja kwa kipimo cha mwingine, ingawa ni haki kabisa kuuliza kwa nini mmoja alipewa filamu nzima na mwingine akapewa tukio moja.

Umaarufu ulikujaje? Filamu inaonyesha subira ya mke, akiba aliyokuwa akiiweka kwa siri kutokana na chenji za mumewe, na ukarimu wa Si Shribman, mwenye kumbi za dansi huko Boston, ambaye kweli alikuwapo na kweli aliisaidia bendi. Sababu kubwa, hata hivyo, ilikuwa redio. Katika majira ya joto ya 1939 bendi ilipiga Glen Island Casino, kando ya maji huko New Rochelle karibu na New York, mahali ambapo matangazo ya moja kwa moja yalirushwa nchi nzima. Kuanzia Desemba mwaka huo ikapata kipindi chake cha dakika 15 kilichodhaminiwa na kampuni ya sigara, mara tatu kwa wiki. Wasomaji waliokua na Radio Tanzania Dar es Salaam wanajua maana yake: bendi iliyosikika redioni ilisafiri hadi vijiji ambavyo basi lake lisingefika. Mwaka 1942, rekodi ya Chattanooga Choo Choo ilipovuka nakala 1,200,000, kampuni ya rekodi ilimkabidhi Miller nakala iliyopakwa rangi ya dhahabu wakati wa matangazo, na huo ndio mwanzo wa desturi ya rekodi ya dhahabu tunayoisikia hadi sasa.

Nusu ya pili ya filamu ni jeshini. Septemba 1942, akiwa na miaka 38, mwenye mke na mwenye kipato ambacho wanamuziki wachache walikijua, Miller aliivunja bendi yake na kujiunga na jeshi kwa hiari. Watazamaji wengi huuliza jeshi lilikuwa na haja gani na mpiga tromboni. Kwetu swali hili lisingepaswa kuwa gumu. Tumekuwa na Polisi Jazz na Mwenge Jazz ya wanajeshi wa Tanzania. Na katika vita ile ile ya pili ya dunia, kikosi cha askari wa Afrika Mashariki kilikuwa na kitengo chake cha burudani, ambamo Fundi Konde wa pwani ya Kenya alihudumu hadi Burma. Askari aliye mbali na nyumbani anahitaji kukumbushwa nyumbani kukoje. Miller alilielewa hilo kiasi cha kugombana na wakubwa wake kuhusu muziki wa gwaride, na filamu inalionyesha kwa furaha kubwa: bendi inapita mbele ya maofisa ikipiga St. Louis Blues ya W. C. Handy kwa mwendo wa gwaride, na miguu ya askari inaanza kutembea kwa namna ambayo kitabu cha jeshi hakikuifundisha. Mpangilio huo ni wa kweli, ulizaliwa bendi ilipokuwa ikikaa katika Chuo Kikuu cha Yale.

Kuna tukio jingine ambalo wengi hudhani limetiwa chumvi. Bendi inapiga Uingereza mwaka 1944, bomu la kujirusha la Wajerumani linasikika likija, watu wanalala chini, nayo bendi haikatishi wimbo. Siwezi kuapa kwamba tukio hilo moja lilikuwa hivyo, lakini hatari yenyewe haikutungwa. Bendi ilipofika London ilipangiwa makazi Sloane Court. Ilihamishwa mapema Julai kwenda Bedford, na mara tu baada ya kuondoka bomu la aina hiyo likaangukia mtaa ule ule na kuua askari wengi wa Marekani. Naye Stewart alijua anachokiigiza: miaka hiyo hiyo alikuwa Uingereza akirusha ndege za mabomu.

Kisha kuna kifo, ambacho kimezungukwa na uzushi kuliko jambo lingine lolote. Yanayojulikana ni haya. Tarehe 15 Desemba 1944, Meja Miller alipanda ndege ndogo ya injini moja aina ya Norseman katika uwanja wa Twinwood karibu na Bedford, pamoja na Luteni Kanali Norman Baessell na rubani John Morgan, wakielekea Ufaransa ili bendi iandaliwe makazi Paris. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, baridi na mawingu ya chini. Ndege haikufika, na haijapatikana hadi leo.

Uzushi umejaza nafasi hiyo: kwamba alikuwa jasusi, kwamba alifia Paris katika nyumba isiyo ya heshima na jeshi likaficha, kwamba ndege yake ilipigwa na mabomu yaliyotupwa baharini na ndege za Waingereza zilizokuwa zikirudi bila kushambulia. Hilo la mwisho limejadiliwa kwa uzito, mengine hayana msingi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya kawaida kabisa. Injini ya Norseman ilitumia kabureta, kifaa kile kile ambacho fundi wa pikipiki hukifungua na kukisafisha kila wiki. Hewa inapopita kwenye koo jembamba la kabureta hupoa sana. Ikiwa hewa hiyo ni ya baridi na imejaa unyevu, maji yaliyomo huganda kuwa barafu, koo linazibika, na injini inakosa pumzi. Ndege inayoruka chini kabisa juu ya bahari haina nafasi ya kusubiri barafu iyeyuke. Na kwa nini ukimya wa siku kadhaa, ambao wazushi wameufanya ushahidi wao? Kwa sababu kesho yake, tarehe 16 Desemba, Wajerumani walianza mashambulizi makubwa ya Ardennes, na katika vurugu hizo ndege moja ndogo isiyoonekana haikumshtua mtu. Ilibidi bendi yenyewe itue Ufaransa siku tatu baada ya ndege ya Miller kuondoka na kukuta kiongozi wao hayupo. Taarifa ilitolewa kwa umma tarehe 24 Desemba, mkesha wa Krismasi.

Filamu haiingii katika hayo yote. Inaionyesha ndege ikimezwa na ukungu, kisha inatupeleka nyumbani kwa Helen, siku ya Krismasi, kando ya redio. Tangu mwanzo wa filamu tumeelezwa kwamba wimbo anaoupenda ni Little Brown Jug, wimbo wa zamani wa kilevi ulioandikwa na Joseph Winner mwaka 1869, na kwamba Glenn hauthamini hata kidogo. Sasa bendi iko Paris bila yeye, matangazo yanaanza, na mtangazaji anasema kuna wimbo mmoja uliopangwa mahsusi. Kumbe Glenn alikuwa ameupanga kwa siri, zawadi ya mke wake.

Kwa upande wa tarehe, tukio hili haliwezi kusimama. Little Brown Jug, kwa mpangilio wa Bill Finegan, ilirekodiwa na bendi ya Miller tarehe 10 Aprili 1939, ikawa miongoni mwa nyimbo zake za mwanzo kabisa kupendwa. Helen angekuwa ameisikia kwa zaidi ya miaka mitano. Waandishi wa filamu, Valentine Davies na Oscar Brodney, waliuchukua wimbo uliokuwa mwanzoni na kuuweka mwisho. Walifanya kwa maisha ya mtu kile ambacho mpangaji hufanya kwa wimbo: noti ni zile zile, nafasi zake zimebadilishwa ili jambo moja lisikike zaidi ya mengine. Mwanahistoria ana haki ya kulalamika, na anayetaka tarehe azitafute kwingine.

Ushauri wangu kwa anayetaka kuitazama ni huu. Kabla ya kuanza, isikilize ile rekodi ya Aprili 1939, ambayo haifiki hata dakika tatu. Zingatia jinsi bendi inavyouchukua wimbo mwepesi, karibu wa kitoto, ikaurusha kutoka safu moja hadi nyingine, na jinsi tromboni zinavyoshuka na kupanda chini yake. Kisha itazame filamu hadi mwisho bila kuikatisha. Bendi itakapoanza kupiga kutoka Paris, wewe utakuwa unaujua wimbo kuliko Helen wa kwenye kioo anavyoujua, na utaona kwamba June Allyson anaupokea kama mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza: analia, kisha kipande kile cha furaha kinarudi, naye, machozi yakiwa bado usoni, anatabasamu.